Tadao Sato: Mfanyakazi wa simu aliyegeuka mwanahistoria wa filamu za Japani

TADAO Sato alipoaga dunia mnamo Machi 17, 2022 akiwa na umri wa miaka 91, alikuwa ameandika zaidi ya vitabu 100. Miongoni mwavyo ni historia ya filamu za Japani ya juzuu nne, iliyochapishwa mwaka wa 1995. Hata hivyo, mzee huyo hakuwahi kusoma katika chuo kikuu. Elimu yake ya darasani ilikomea katika shule ya upili ya ufundi.

Je, mtu wa aina hiyo aliwezaje kuwa mwalimu wa wasomi? Jibu limo katika namna alivyozitazama filamu. Sato aliketi na watazamaji wa kawaida, kisha akauliza wanapenda nini na kwa nini wanakipenda.

Alizaliwa Oktoba 6, 1930 mjini Niigata, kwenye pwani inayoelekeana na bara la Asia. Utoto wake ulitawaliwa na vita. Mwaka wa 1937, Japani ilianzisha vita kamili dhidi ya Uchina. Miaka miwili baadaye ikapitishwa sheria iliyoiweka tasnia yote ya filamu chini ya serikali. Hadithi zilikaguliwa kabla ya kupigwa picha, nao waelekezi na waigizaji wakalazimika kusajiliwa.

Akiwa bado mvulana, Sato alijiunga na mafunzo ya marubani chipukizi wa jeshi la wanamaji. Vita vilipokoma mnamo Agosti 1945, alikuwa na umri wa miaka 14. Mambo aliyofunzwa kuyaamini, na hata kuwa tayari kuyafia, yaliporomoka mara moja.

Filamu za Marekani, ambazo zilikuwa zimepigwa marufuku wakati wa vita, zilirejea kuanzia mwaka wa 1946. Kwa vijana wa rika lake, jumba la sinema likawa darasa la pili. Sato alifanya kazi katika shirika la reli, kisha katika shirika la umma la simu, huku akitazama filamu na kutuma maoni yake kwa majarida.

Mnamo 1954, jarida la Shiso no Kagaku lilichapisha makala yake kuhusu ninkyo, yaani ule moyo wa kiungwana wa wacheza kamari na wahuni wanaowatetea wanyonge katika hadithi za Kijapani. Wasomi wengi waliziona filamu za aina hiyo kuwa upuuzi wa kuwaburudisha wasiosoma. Sato alizichukulia kuwa ushahidi wa fikra za umma. Mwanafalsafa Shunsuke Tsurumi, mmoja wa waasisi wa jarida hilo, aliisifu sana makala hiyo.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka wa 1956. Mwaka uliofuata, alihamia Tokyo na kuwa mhariri wa jarida la filamu la Eiga Hyoron.

Mojawapo ya hoja zake zinazojulikana zaidi inahusu wanaume wawili ambao filamu za Japani ziliwarithi kutoka kwa tamthilia za jadi za kabuki. Wa kwanza huitwa tateyaku. Huyu ni hodari na mwenye busara, na hutanguliza wajibu kwa mkuu wake. Mapenzi hayawezi kumtoa katika njia hiyo. Wa pili huitwa nimaime. Ni mzuri wa sura, mpole na mara nyingi dhaifu, lakini humpenda mwanamke kwa moyo wake wote, hata akawa radhi kufa naye.

Sato alieleza kwamba tateyaku ni zao la maadili ya samurai, ilhali nimaime alipendwa na wafanyabiashara na mafundi wa mijini. Katika hadithi za nchi za Magharibi, shujaa mmoja huweza kupigana vita na pia kumbembeleza mpenzi wake. Nchini Japani, sifa hizo ziligawiwa watu wawili. Kwa kizazi kilicholelewa kwa amri za kijeshi, jambo hilo halikuwa mchezo wa jukwaani tu. Lilihusu aina ya mwanamume ambaye taifa lilimtaka kila mvulana awe.

Aidha, Sato aliandika kuhusu waelekezi mashuhuri. Katika kitabu chake cha 1971 kuhusu Yasujiro Ozu, alichunguza kamera iliyowekwa chini karibu na mkeka na namna wahusika wanavyoketi. Alionyesha pia kwamba Ozu, anayesifiwa kuwa Mjapani halisi kuliko wenzake wote, alijifunza mengi kutoka kwa filamu za Marekani.

Kazi ya mwanahistoria huyo ilikuwa na ugumu wake. Filamu nyingi za kimya za Japani zimepotea. Nyingine ziliteketea katika tetemeko la ardhi la Septemba 1, 1923, nyingine katika mashambulizi ya mabomu wakati wa vita, na nyingine zikatupwa tu. Mnamo 1973, Sato na mkewe Hisako walianzisha jarida lao wenyewe la utafiti wa historia ya filamu.

Wawili hao hawakuishia Japani. Walizuru nchi za Asia wakitafuta filamu ambazo Wajapani hawakuwa wamezipata. Sato aliisifu mno Kummatty, filamu ya mwaka wa 1979 ya mwelekezi G. Aravindan kutoka Kerala, India.

Tamasha la filamu za Asia lilipoanzishwa jijini Fukuoka mwaka wa 1991, Sato ndiye aliyeliongoza, na alibaki katika wadhifa huo hadi 2006. Maktaba ya jiji hilo, iliyofunguliwa mwaka wa 1996, ina hifadhi ya filamu za Asia. Kwa mtu aliyefunzwa utotoni kuona majirani kama watu wa kutawaliwa, kuketi gizani na kusikiliza hadithi zao kulikuwa njia ya kuanza upya.

Mwaka huohuo wa 1996, alichukua uongozi wa shule ya filamu iliyoasisiwa na mwelekezi Shohei Imamura mnamo 1975. Shule hiyo ilipopandishwa hadhi mwaka wa 2011, Sato akawa rais wake wa kwanza. Kijana wa simu wa Niigata sasa alikuwa mkuu wa chuo kikuu.

Mcheza kwao hutunzwa. Mnamo 2019, serikali ya Japani ilimtambua rasmi kwa mchango wake katika utamaduni. Wakati huo, zilikuwa zimepita takriban miaka 65 tangu alipoandika kuhusu wacheza kamari wa kwenye filamu, akisisitiza kwamba anayetaka kuielewa jamii asidharau hadithi zinazowaliza watu wake.