Kangaruu, Mnyama wa Mfuko

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamepata kuona picha ya kangaruu, lakini wachache wajua habari zake. Hapa shuleni tumebishana sana. Wengine hushikilia kuwa mtoto wa kangaruu haumbwi tumboni, ila huota juu ya chuchu, kama embe liotavyo mtini. Wazungu waliohamia Australia zamani nao waliamini hivyo. Nimeona heri nieleze mambo yalivyo.

Aina za kangaruu ni nyingi. Nitamsema mkubwa kuliko wote, yaani kangaruu mwekundu, akaaye katika nyika kavu za Australia. Dume huweza kufika kilo 90. Jike ni mdogo zaidi.

Jike huchukua mimba siku 33 tu. Mtoto huzaliwa kama wanyama wengine, lakini hajakamilika: urefu wake ni kama sentimita 2 na nusu, uzito wake haufiki gramu 1, hana manyoya wala haoni. Ila miguu yake ya mbele ina nguvu. Hupanda peke yake katika manyoya ya mama yake mpaka mfukoni, safari ya dakika chache, wala mama hamnyanyui. Akiisha fika hushika chuchu, nayo huvimba kinywani mwake asibanduke. Ndiyo maana waliochungulia mfukoni walidhani ameota pale. Hukaa mfukoni karibu miezi 8, kisha huendelea kunyonya kwa kuingiza kichwa tu, mpaka apate mwaka hivi.

Baada ya kuzaa, jike hupandwa tena upesi. Mimba hiyo huanza kidogo, kisha husimama na kungoja. Mtoto wa mfukoni akikaribia kutoka, au akifa, ndipo huendelea. Hivyo mama mmoja huweza kuwa na watoto watatu: mmoja nje, mmoja mfukoni, mmoja tumboni. Wale wawili wanyonyao, kila mmoja ana chuchu yake, na maziwa yao si sawa. Ya mkubwa yana mafuta zaidi.

Ninyi wakubwa zetu mliomaliza hapa na sasa mnafuga ng'ombe, mwajua ukame ulivyo. Kangaruu naye aujua. Majani yakikauka maziwa hupungua, mtoto wa mfukoni hufa, na yule aliyengoja hushika nafasi yake. Ukame ukizidi, jike huacha kuzaa kabisa. Mvua ikinyesha huanza tena.

Mwendo wake pia ni wa kutunza nguvu. Kano za miguu ya nyuma hunyooka na kufyatuka kama mpira, basi akienda mbio hachoki upesi. Kasi yake hupita kilometa 50 kwa saa, na mruko mmoja huweza kufika meta 8. Akienda polepole, mkia humsukuma kama mguu wa tano. Huku Afrika kamendegere huruka vivyo hivyo, lakini yeye ni wa jamii ya panya, hana mfuko.

Wako wamwitao kangaruu mnyama duni kwa kuwa huzaa mtoto asiyekamilika. Mimi siafiki. Mama aliyepoteza mtoto mdogo hivyo hupoteza maziwa machache, naye hubaki hai azae tena. Katika nchi ambayo mvua haina ahadi, sioni uzazi ulio bora kuliko huo.