UKIONA VYABINGIRIKA, VIMEPIKWA

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Mimi nami naongeza: ukiona vyabingirika, jua vimepikwa. Ndugu msomaji, nazungumzia matairi. Sisi wanafunzi wa kutwa huja shuleni kila asubuhi juu ya matairi, yawe ya matatu, ya bodaboda au ya baiskeli. Wengine huyavaa miguuni yakiwa akala. Lakini ni wangapi kati yetu wanaojua kilichomo ndani ya tairi? Ukiuliza utajibiwa, "Si ni mpira tu!" La hasha! Mpira peke yake haungekufikisha hata kwenye lango la shule.

Mpira wa asili hutokana na utomvu mweupe unaogemwa kwa kukata gome la mti uitwao kitaalamu Hevea brasiliensis. Asili ya mti huu ni misitu ya Amazon, ingawa siku hizi hulimwa zaidi huko Asia, hasa Thailand na Indonesia. Utomvu ukitiwa asidi kidogo huganda kama maziwa ya mgando. Kisha hukamuliwa maji na kukaushwa, na huo ndio mpira mbichi.

Mpira mbichi umeundwa kwa molekuli ndefu ajabu. Hebu zifikirie kama tambi ndani ya sufuria, kila moja imelala juu ya mwenzake bila kushikana. Ndiyo maana mpira huo hauna msimamo. Ukipata joto, hulegea na kunata kama ulimbo. Ukipata baridi kali, huwa mgumu. Ukiuvuta sana, haurudi vizuri ulikotoka. Mnamo 1823, Charles Macintosh wa Uskoti alianza kutengeneza nguo za mvua kwa kutia mpira kati ya vitambaa viwili, lakini nguo zake zilisumbuliwa na tabia hizi hizi.

Ufumbuzi ulipatikana Marekani. Charles Goodyear alihangaika kwa miaka, akichanganya mpira na hiki na kile, huku madeni yakimwandama. Mwaka wa 1839 aligundua kwamba mpira uliochanganywa na salfa ukitiwa kwenye joto kali hauyeyuki, bali huiva na kuwa imara. Alipewa hataza yake mwaka wa 1844. Hata hivyo, alifariki mwaka wa 1860 akiwa bado na madeni. Mvumilivu hula mbivu, lakini huyu maskini aliivisha wakala wengine!

Salfa si ngeni kwetu. Kiswahili kinaiita kibiriti upele. Kazi yake ndani ya mpira ni kujenga madaraja kati ya molekuli zile ndefu. Sasa tambi zimefungwa pamoja, kwa hivyo ukizivuta zinarudi mahali pake. Lakini kipimo ni muhimu mno. Mpira laini wa kawaida huhitaji takriban sehemu 1 hadi 3 za salfa kwa kila sehemu 100 za mpira. Ukifikisha sehemu 30 hivi, madaraja yanakuwa mengi kupita kiasi na unapata eboniti, kitu kigumu kama pembe, kilichowahi kutumiwa kutengenezea makasha ya betri. Kiungo ni kile kile, ila kipimo ndicho kilichobadilika. Mapishi ni mapishi, hata mchuzi ukizidisha chumvi haulikiki.

Tatizo la salfa ni uvivu. Sehemu 8 za salfa katika nyuzijoto 140 za Selsiasi huchukua kama saa 5 kuivisha mpira. Ukiongeza sehemu 5 za oksaidi ya zinki, muda unashuka hadi kama saa 3. Ndipo wakatafutwa viharakishi. Mnamo 1906, mwanakemia George Oenslager, akiwa Akron huko Marekani, aligundua kwamba kemikali iitwayo anilini huharakisha kazi hiyo. Viharakishi vilivyokuja baadaye ni hodari zaidi: nusu ya sehemu moja tu kwa 100 huweza kuupunguza muda ule hadi dakika chache. Aidha, hutiwa asidi ya steariki, inayotokana na mafuta, ili kusaidia zinki ifanye kazi yake.

Lakini haraka haraka haina baraka. Kiharakishi kikiwa kikali mno, mpira huanza kuiva kabla haujaingia kwenye kalibu, na ukishaiva hauwezi kufinyangwa upya. Ukiuacha motoni kupita muda wake nako, baadhi ya madaraja huvunjika, na mpira wa asili hulegea tena na kupoteza nguvu. Mpishi wa mpira hana budi kuchunga saa.

Je, mbona tairi ni jeusi na utomvu ni mweupe? Matairi ya kwanza hayakuwa meusi. Weusi huu ni masizi ya kaboni, yaani masizi laini yanayotengenezwa kiwandani. Hutiwa kiasi kikubwa, hata sehemu 50 kwa 100, na huufanya mpira usichanike wala kulika upesi barabarani. Hata hivyo, kila zuri lina kasoro yake. Ukizidisha masizi, mpira huwa mgumu, na hupata joto jingi zaidi unapojikunja na kujikunjua safarini.

Sasa tufike penye uhai wa watu. Hewa tunayoipumua ni adui wa mpira. Oksijeni na ozoni huzishambulia molekuli zake taratibu, na jua huzidisha mambo. Kwa sababu hiyo, watengenezaji hutia viungo vya kinga pamoja na nta. Nta hupanda polepole hadi juu na kulifunika tairi, nazo kemikali za kinga hujitoa mhanga ili mpira usalimike. Lakini zikijitoa mhanga, zinakwisha! Tairi huzeeka hata likikaa tu stoo bila kutembea.

Mwaka uliopita mjomba wangu, anayepeleka mboga sokoni kwa pikapu, aliuziwa tairi la mitumba. Lilikuwa na meno marefu na limepakwa rangi nyeusi likang'aa kweli kweli. Ati lilikuwa "kama mpya"! Halikumaliza mwezi. Lilipasuka gari likiteremka mlima na shehena yake, na ni Mola tu aliyewanusuru. Nilipolitazama ubavuni nilikuta nyufa ndogo ndogo na tarakimu nne: 2312. Maana yake, tairi hilo liliundwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2012. Meno yalikuwapo, lakini kinga ilikwisha kitambo.

Kwa hivyo wenzangu, waambieni wazazi, kaka na wajomba zenu wasidanganyike na meno pekee. Kabla ya kutoa pesa, watafute tarakimu nne mwishoni mwa ile namba inayoanza kwa herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Kisha waliinamishe tairi na kuukagua ubavu wake kama una nyufa. Kuangalia ni bure.

Fauka ya hayo, tusiyachome matairi yaliyochakaa. Madaraja ya salfa hayafunguki kwa joto, kwa hivyo tairi haliwezi kuyeyushwa likaundwa upya kama plastiki. Likichomwa, salfa na masizi yake hutoka kwa moshi ule mweusi na kuingia vifuani mwetu. Afadhali fundi wa akala anayelikata kwa kisu akatuvika miguu.

Kwa muktasari, utomvu ni utomvu tu. Nguvu ya tairi imo katika viungo, kipimo na muda. Na kama viungo vina muda wake, basi tairi nalo lina umri, hata likipakwa rangi namna gani.