Nanga za ndani ya seli na maji ya kipindupindu

Mgonjwa wa kipindupindu kikali anaweza kupoteza hadi lita 1 ya maji kwa saa, ilhali utumbo wake hauna kidonda. Mwanzoni mwa 2008 mlipuko wa ugonjwa huu uliikumba miji ya Likasi na Lubumbashi huko Kongo.  Maji yote hayo anayopoteza mgonjwa hutoka wapi?

Sumu ya bakteria, ambayo mtafiti Sambhu Nath De aliithibitisha huko Calcutta mwaka 1959, huingia katika seli za ukuta wa utumbo na kukilazimisha kimeng'enya kimoja kutengeneza AMP ya duara bila kupumzika. Hii ni molekuli ndogo ya kupeleka ujumbe. Moyoni huongeza mapigo, kwenye ini huachilia sukari. Ujumbe ni uleule, matokeo ni tofauti, na sababu kubwa ni mahali unapopokelewa.

Mpokeaji wake ni kinasi A, protini inayobandika fosfeti kwenye protini nyingine. Ikielea ovyo, ingebandika popote. Protini-nanga, ambazo zaidi ya 50 zinajulikana, huishikilia karibu na kazi yake kama nanga inavyouzuia mtumbwi usichukuliwe na maji. Katika utumbo mojawapo ni ezrini. Upande mmoja imeng'ang'ania nyuzi za aktini kwenye ncha ya seli. Pia imeishika kinasi A, na kwa msaada wa protini iitwayo NHERF imesogezwa jirani na milango miwili: CFTR inayotoa kloridi na NHE3 inayoingiza sodiamu. Kinasi A ikiamshwa hapo, wa kwanza hufunguka na wa pili hufungwa. Chumvi hujaa ndani ya utumbo, maji huifuata.

Linalonitisha ni kwamba ezrini haijakosea kitu. Siku za kawaida mpangilio huohuo hulainisha njia ya chakula.

Kuna mlango wa tatu, SGLT1, unaopitisha sodiamu ikiambatana na glukosi, na sumu haiufungi. Ndiyo maana lita 1 ya maji safi yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi huokoa maisha njiani kwenda kituo cha afya. Kuharisha hakutakoma mara moja, maana CFTR bado iko wazi. Mgonjwa aendelee kunyweshwa. Seli zenye sumu hung'oka zenyewe baada ya siku chache, mpya zikachukua nafasi.