Nunueni telekomande kwanza, helikopta itafuata



Siku moja ya mapumziko tulikusanyika kwenye kiwanja cha mupira cha kambi. Vijana walikuwa wamechanga feza miezi mingi kwa likelemba, wakanunua helikopta mbili ndogo za batri na telekomande mbili za zamani, zile zinazofika kutoka Ulaya ndani ya vifaa vilivyokwisha kutumiwa. Wababa walikuwa wameongeza feza ya masaa ya usiku. Helikopta ya kwanza ikapanda vizuri, watu wakapiga mikono. Halafu kijana wa pili akawasha telekomande yake, kuijaribu tu, bila nia mbaya. Palepale helikopta ya mwenzake ikapinda, ikaanguka karibu na wamama waliokaa kivulini. Panga moja likavunjika, kipande kikapasua mukono wa mutoto wa miaka 9. Alishonwa. Tunashukuru Mungu haikuwa jicho.

Wazazi wengine wakakuja kutuambia sisi wa sindika: mukataze ule muchezo. Tulikataa kukataza. Ku mine mutu akiumia, hatusemi tu "ni bahati mbaya", tunatafuta sababu mpaka tuione. Hapa pia tuliitafuta, na sababu ilikuwa kwenye telekomande.

Telekomande za zamani za megahertzi 41 au 72 zinatumia kristali ndogo inayochagua kanali. Zile mbili zilikuwa na kanali moja. Munajua wenyewe: wakuu wawili wakisema pamoja ku redio ya kazi, chini hakuna anayesikia agizo. Helikopta ilisikia sauti mbili, ikapotea.

Njo maana shauri letu la kwanza ni hili: musitie feza yote mu helikopta. Helikopta ya mutu anayeanza itaanguka, hata mutoto awe na akili namna gani. Mapanga yatavunjika, mukia utapinda, mutanunua vingine. Telekomande inabaki mukononi miaka mingi, inaongoza helikopta ya kwanza, ya pili na ya tatu. Tuseme sasa ya kuangalia.

Sinyali. Muchukue ya gigahertzi 2,4. Inafunganishwa na reseptere yake, ni kile kisanduku kidogo ndani ya helikopta kinachopokea sinyali, na kisha kufunganishwa hakisikii telekomande ya mwingine. Vijana wengi wanaweza kurusha pamoja. Lakini reseptere na telekomande lazima ziongee luga moja: kampuni mbalimbali hazisikilizani, kwa hiyo muulize mbele ya kulipa. Na musidanganywe na vile vihelikopta vya kuchezea vinavyoongozwa na mwangaza kama televizyo. Ndani ya nyumba vinaruka. Toka navyo inje saa sita, jua letu linafunika ule mwangaza na kihelikopta kinakuwa kiziwi.

Kanali. Helikopta rahisi, ile ambayo mapanga yake ya juu hayageuzi pembe, inaomba kanali 4: nguvu ya motere, mbele na nyuma, kulala kushoto na kuume, kugeuza mukia. Helikopta kubwa kidogo, inayogeuza pembe ya mapanga, inaomba 6, na telekomande iwe na programu ya helikopta, sababu motere ndogo tatu zinasukuma pamoja sahani inayoinamisha mapanga. Ukinunua ya kanali 4 leo, kesho utanunua tena. Nunua ya 6 mara moja.

Vijiti. Hapa wengi wanapotea. Kuna modi 1 na modi 2. Katika modi 1, kijiti cha nguvu ya motere kiko kuume. Katika modi 2 kiko kushoto. Wafaransa wengi wamezoea modi 1, Waingereza na Waamerika modi 2. Hakuna iliyo bora. Bora ni ile ya mutu atakayekufundisha, kwa sababu siku helikopta inakukimbia, hakuna muda wa kufikiri. Mikono ikizoea namna moja, kuibadilisha ni taabu.

Kufunga nguvu. Kila mufanyakazi anajua: mbele ya kutia mukono ku mashini, unakata umeme na unaweka kufuli yako. Telekomande nzuri ina swichi inayozima motere hata kama kijiti kiko juu. Kijana aitafute kwa kidole macho yakiwa yamefungwa. Kisha iko ulinzi wa pili: sinyali ikikatika, motere inazimika yenyewe. Wandugu wanaoendesha mashini ya kupakia mawe chini ya ardhi kwa telekomande wanaelewa vizuri, kwani mashini yao ikikosa sinyali inasimama. Ulinzi huo musiuamini kwa maneno ya muuzishaji. Toeni mapanga, washeni motere polepole, kisha zimeni telekomande. Motere ikiendelea kuzunguka, helikopta hiyo isiruke kabisa mpaka itengenezwe.

Mazoezi. Telekomande nyingi za leo zinaungwa ku kompyuta kwa kamba. Kijana anarusha helikopta ya picha, inaanguka mara 100, hakuna franga iliyopotea. Na ni vijiti vilevile atakavyoshika uwanjani. Tuliona vijana wa mtaa wetu wanakusanyika jioni kwenye kompyuta moja, kila mutu na zamu yake.

Sisi mara ya pili tulichukua FlySky FS-i6. Haiko ya matajiri. Ina kanali 6, inatumia batri 4 ndogo kama zile za torosi, inakumbuka helikopta au ndege 20, na iko na programu ya helikopta. Ukiwa na feza zaidi, ziko nzuri kuipita. Ukiwa na feza kidogo, ngoja mwezi mwingine kuliko kununua bila kujua kile unachonunua. Likelemba inajua kungoja.

Uwanjani tuliweka masharti yetu. Telekomande zote zinakaa juu ya meza moja, zimezimwa. Hakuna anayewasha bila jina lake kuandikwa mu daftari. Wanaotazama wanakaa mbali, nyuma ya mwenye kurusha, na watoto wadogo wanashikwa mukono. Mutoto aliyeshonwa njo anashika daftari. Alama iko ku mukono wake, na hakuna mukubwa anayebishana naye.

Wazazi wengine wangali wanasema ni feza ya bure. Tunawajibu: wababa wa kambi hii walijifunza usalama kisha kuzika marafiki. Vijana hawa wanajifunza kukata nguvu, kupima sinyali na kuandika mu daftari wakiwa bado na vidole 10. Mukitaka kuona, mukuje kiwanjani siku ya mapumziko. Musimame nyuma ya kamba.