Turbo Katika Nyanda za Juu: Uimara na Matunzo ya Magari Madogo Yenye Turbo Katika Mazingira ya Karatu na Ngorongoro

IKISIRI

Makala haya yanafafanua sababu za kuharibika kwa turbo katika magari madogo ya petroli yanayotumika wilayani Karatu na katika eneo la Ngorongoro, pamoja na matunzo yanayoweza kuzuia uharibifu huo. Hoja kuu ni kwamba turbo si kifaa dhaifu kwa asili yake, bali uhai wake hutegemea oili na hewa safi, vitu viwili vinavyotoka nje yake. Mwinuko wa Karatu na Ngorongoro huifanya turbo iwe na manufaa zaidi kuliko pwani, na papo hapo huiongezea kazi. Vumbi na miteremko huongeza uzito wa kazi hiyo. Kwa hiyo, ratiba ya matunzo iliyokusudiwa barabara za kawaida haifai kutumika huku bila kurekebishwa.

1.0 Utangulizi

1.1 Usuli

Tangu mwaka 1990, sheria za Japani zimeliwekea kundi la magari madogo kabisa ukomo wa ujazo wa injini wa sentimita za ujazo 660. Aidha, watengenezaji wa nchi hiyo wamekubaliana kutozidisha nguvu za farasi 64 katika kundi hilo. Ili kufikia nguvu hizo kwa injini ndogo kiasi hicho, matoleo mengi hufungwa turbo. Suzuki Jimny ya toleo la JB23, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1998 hadi 2018, pamoja na baadhi ya matoleo ya Mitsubishi Pajero Mini na Daihatsu Terios Kid, ni mifano inayofahamika katika soko la magari yaliyotumika.

Kwa mkazi wa Karatu, magari haya yana mvuto wa aina mbili. Kwanza, yanapatikana yakiwa na uwezo wa kuendesha magurudumu manne, jambo lenye maana kubwa wakati wa masika katika njia za Mang'ola na Endabash. Pili, katika viwango vya ushuru wa bidhaa vilivyotumiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kwa miaka mingi, gari lenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,000 halitozwi ushuru huo kwa kigezo cha ukubwa wa injini. Hata hivyo, gari lililozidi umri wa miaka 10 hutozwa asilimia 30 ya ziada kwa sababu ya uchakavu. Hivyo basi, mnunuzi huweka akiba yake katika gari lenye umri mkubwa, ambalo historia ya matunzo yake mara nyingi haijulikani.

1.2 Tatizo

Utamaduni wa ufundi katika ukanda huu umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya magari ya utalii, hususan Toyota Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ ya lita 4.2, ambayo haina turbo. Injini hiyo ni kubwa, ina mzunguko wa taratibu, na huvumilia makosa mengi ya matunzo. Fundi aliyelelewa na injini ya namna hiyo ana sababu ya kuitilia shaka injini ya sentimita za ujazo 658 inayozunguka kwa kasi na kubeba turbo. Gari dogo linapopoteza nguvu au kutoa moshi, mwenye gari hupewa mojawapo ya ushauri wa aina mbili: anunue turbo nyingine iliyotumika, au aiondoe kabisa. Makala haya yanaonyesha kwamba ushauri wote huo unaweza kuwa hasara ikiwa chanzo cha tatizo hakijachunguzwa.

2.0 Namna Turbo Inavyofanya Kazi

Turbo ina magurudumu mawili yaliyofungwa katika ncha mbili za shafti moja. Gurudumu la kwanza huzungushwa na moshi unaotoka katika injini. La pili huvuta hewa kupitia filta, huigandamiza na kuisukuma kuelekea kwenye silinda. Katika turbo ndogo, shafti hiyo inaweza kuzidi mizunguko 200,000 kwa dakika. Katika turbo za kawaida za magari haya, shafti haikai juu ya beringi za gololi. Huelea juu ya utando mwembamba wa oili inayosukumwa na pampu ya injini. Oili hiyohiyo hulainisha na kupoza. Kwa kuwa moshi wa injini ya petroli iliyolemewa unaweza kukaribia nyuzi joto 900 za Selsiasi, oili ya turbo hupita karibu sana na joto ambalo haiwezi kulistahimili ikisimama.

Kutokana na maelezo haya, njia kuu za kuharibika kwa turbo ni chache: oili kukosekana au kuchafuka, kitu kigumu kuingia pamoja na hewa au moshi, na joto kupita kiasi. Njia zote hizo huanzia nje ya turbo.

3.0 Mwinuko: Manufaa na Gharama Yake

Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alipata hataza ya wazo la turbo mwaka 1905. Mwaka 1918, mhandisi Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alijaribu turbo kwenye injini ya ndege aina ya Liberty katika kilele cha Pikes Peak, Colorado, chenye mwinuko wa takriban mita 4,300. Tangu awali, basi, turbo ilithibitishwa kuwa ni dawa ya hewa nyepesi ya milimani.

Karatu iko takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko kati ya mita 2,200 na 2,400. Kanieneo ya hewa, ambayo pwani ni takriban kilopaskali 101, hushuka hadi takriban 85 mjini Karatu na 76 katika ukingo wa kreta. Injini isiyo na turbo hupokea hewa kwa kanieneo hiyo ya nje. Kwa hiyo, katika ukingo wa kreta hupata takriban asilimia 75 ya kanieneo ya pwani.

Tuchukue mfano wa turbo inayoongeza kilopaskali 60 juu ya hewa ya nje. Pwani, injini itapokea kilopaskali 161; katika ukingo wa kreta itapokea 136, sawa na asilimia 84 ya kiwango cha pwani. Hasara ipo, lakini ni ndogo kuliko ya injini isiyo na turbo. Upande wa pili wa hesabu ni kwamba pwani turbo huzidisha kanieneo ya hewa ya nje mara 1.59, ilhali katika ukingo wa kreta huizidisha mara 1.79. Ili kufanya hivyo, shafti huzunguka kwa kasi zaidi na hewa inayotoka huwa ya moto zaidi. Hiyo ndiyo gharama ya manufaa ya mwinuko, na hulipwa na oili, filta na mfumo wa kupoza.

Hesabu hii inaonyesha pia udhaifu wa ushauri wa kuiondoa turbo. Injini ya Jimny JB23 ilisanifiwa kwa uwiano wa mgandamizo wa 8.4 kwa 1 kwa sababu hewa huingia ikiwa tayari imegandamizwa. Turbo ikiondolewa, injini hubaki na mgandamizo mdogo huku ikivuta hewa nyepesi ya mlimani. Mwenye gari hupata chombo kilicho dhaifu kuliko gari la ukubwa uleule lililotengenezwa bila turbo.

4.0 Oili na Tabia ya Kuzima Injini

Barabara ya lami kutoka Makuyuni hupita Mto wa Mbu, hupanda ukuta wa Bonde la Ufa, hupita Karatu na kuishia katika lango la Lodoare. Kuanzia hapo, njia ya kupanda ukingo wa kreta kwa sehemu kubwa si ya lami. Juu ya kila mwinuko kuna mahali ambapo wasafiri husimama: pa kwanza hutazama Ziwa Manyara, pa pili hutazama kreta yenyewe. Kiufundi, hapo ndipo mahali pabaya zaidi pa kuzima injini mara moja. Turbo imetoka kufanya kazi kwa nguvu kwa dakika nyingi. Injini ikizimwa, pampu ya oili husimama, na oili iliyobaki katika shafti hupikwa na joto hadi kuwa masizi magumu. Masizi hayo huziba njia za oili kidogo kidogo, na turbo huja kufa miezi mingi baadaye, pengine mikononi mwa mmiliki mwingine.

Kinga yake haina gharama: dereva aendeshe polepole katika kilomita ya mwisho ya mpando, au aiache injini izunguke taratibu kwa dakika moja au mbili kabla ya kuizima. Turbo nyingi za magari haya hupozwa pia kwa maji ya injini, na maji hayo huendelea kuondoa joto hata baada ya injini kuzimwa, mradi rejeta imejaa. Ifahamike kwamba katika mwinuko wa mita 2,300 maji yaliyo wazi huchemka kabla ya kufikia nyuzi joto 93 za Selsiasi. Mfuniko wa rejeta, ambao hupandisha kiwango hicho kwa kuhifadhi kanieneo, ni spea ndogo ya bei nafuu isiyopaswa kupuuzwa.

Kuhusu aina ya oili, injini hizi zilikusudiwa oili nyepesi yenye madaraja mawili ya mnato, kama vile 5W-30. Oili nzito ya daraja moja hufika polepole kwenye turbo wakati wa baridi ya asubuhi, ambayo ni kali katika nyanda hizi kati ya Juni na Agosti.

5.0 Vumbi

Udongo wa Ngorongoro na maeneo jirani una asili ya volkano. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, magari huinua vumbi laini linaloelea kwa muda mrefu. Filta iliyopasuka, iliyofungwa vibaya au iliyopulizwa kwa upepo wa kombresa hadi karatasi yake ikatoboka, hupitisha chembe ambazo husaga mapanga ya gurudumu la hewa, ambalo ni la aluminiamu, na hatimaye kuta za silinda.

Filta iliyoziba nayo ina madhara tofauti. Hushusha kanieneo ya hewa kabla ya kufika kwenye turbo, na hivyo kuilazimisha turbo ifanye kazi kana kwamba gari liko juu zaidi ya lilipo. Filta chafu mjini Karatu ni sawa na kuongeza urefu wa mlima.

6.0 Ratiba ya Matunzo

Kwa magari madogo yenye turbo, watengenezaji wa Japani kwa kawaida huelekeza oili ibadilishwe kila kilomita 5,000 au miezi 6, na kipindi hicho kipunguzwe hadi nusu katika matumizi magumu. Miongoni mwa vigezo vya matumizi magumu ni barabara mbovu au zenye vumbi, kupanda na kushuka milima mara kwa mara, na safari fupi zinazorudiwa. Gari linalofanya kazi kati ya Karatu, Mang'ola na Ngorongoro linaangukia katika zaidi ya kigezo kimoja. Hivyo, kipindi sahihi kwake ni kilomita 2,500 au miezi 3. Anayengoja kilomita 5,000 anaweza kujiona mwangalifu, kumbe kwa kipimo cha mtengenezaji amechelewa maradufu.

Gharama hii lazima iingizwe katika hesabu ya kumiliki gari kabla ya kulinunua. Asiyeimudu atanufaika zaidi na gari lisilo na turbo, ingawa litapanda mlima polepole.

7.0 Uchunguzi wa Tatizo

Kupungua kwa nguvu si ushahidi wa kufa kwa turbo. Uchunguzi unapaswa kuanzia kwenye vitu rahisi kuelekea vigumu: mipira ya hewa iliyopasuka au kulegea, filta, vali ya kupunguzia kanieneo, njia ya kupumulia injini, na bomba linalorudisha oili kutoka kwenye turbo. Bomba hilo likiziba, oili hukosa pa kushukia na hupenya kwenye sili hata kama turbo ni nzima. Moshi wa bluu unaotokana na hali hiyo hufanana na ule wa turbo iliyokufa.

Endapo turbo imethibitika kuharibika, bomba linaloipelekea oili lazima lisafishwe au libadilishwe, oili na filta yake viwe vipya, na kipozahewa kisafishwe ili vipande vya chuma visibaki ndani. Bila hatua hizi, turbo ya pili hurithi ugonjwa wa ya kwanza. Kwa mnunuzi, dalili za kuangalia ni oili nyingi ndani ya mipira ya hewa, shafti inayochezacheza kuelekea pembeni kupita kiasi, na tope jeusi chini ya mfuniko wa oili. Kitabu cha matengenezo kutoka Japani, hata kikiwa kwa Kijapani, huonyesha kilomita kwa tarakimu zinazosomeka na yeyote.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba hofu ya turbo wilayani Karatu ina msingi, lakini imeelekezwa pasipo. Hewa nyepesi ya nyanda za juu huifanya turbo kuwa msaada wa kweli kwa injini ndogo, na hewa hiyohiyo huiongezea kazi. Kinachoamua uimara wake ni kipindi cha kubadilisha oili, hali ya filta, maji ya rejeta na namna injini inavyozimwa juu ya mlima. Mafundi waliozoea 1HZ hawana upungufu wa ustadi. Kinachohitajika ni kutambua kwamba injini ndogo yenye turbo haisamehi ucheleweshaji ambao injini kubwa isiyo na turbo huuvumilia. Mafunzo ya ufundi wa magari katika ukanda huu yatafaa kuweka ratiba ya matumizi magumu kuwa ndiyo ratiba ya kawaida.