Habari za Uluguru Huanzia kwa Mjomba

Kila Januari kundi la WhatsApp la ukoo wetu hufurika. Waliokwenda likizo wamesharudi Reading, Minneapolis na Muscat, picha zinamiminika, na nusu ya wanakundi hawajui wanachokiangalia. Safari hii kuna mwali aliyetolewa, kipaimara kimoja, mtoto wa kwanza wa binamu yangu, mkeka alioshonewa mtoto huyo, na ubishi mkali kuhusu kiwanja. Wapwa zangu waliozaliwa huku ughaibuni wananiuliza jambo lile lile kila mmoja kwa namna yake: mbona kila neno linasubiri mjomba aseme, na baba yupo pale pale, kakaa zake na kikombe cha chai?

Swali zuri, na halijibiki kwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili.

Waluguru, kama majirani zao Wakaguru, Wakutu, Wakwere na Wazaramo, huhesabu ukoo kwa mama. Unazaliwa ndani ya ukoo wa mama yako na hutoki humo, hata uolewe Mbeya au uoe Muscat. Dada zako watazaa watu wa ukoo wenu. Kaka zako watazaa watu wa ukoo wa wake zao. Ndiyo maana kaka wa mama ana uzito. Watoto wa dada yake ndio ukoo utakaobaki, na yeye ndiye msemaji wao kwenye posa, kwenye ugomvi na kwenye msiba. Baba naye ana lake: jina hutoka upande wake. Mzee wa Matombo akishasikia jina lako na ukoo wako, tayari ameshakujua pande zote mbili, na usishangae akianza kukutajia bibi zako. Kwa maoni yangu huu ni utaratibu wenye akili sana, na wala si sisi peke yetu duniani. Waashanti wa Ghana wanahesabu hivyo, na Waminangkabau wa Sumatra pia, ambao ni Waislamu wazuri tu kama sehemu kubwa ya ndugu zetu wa Kinole.

Na huko Kinole ndiko kwenye makao ya Kingalu, chifu aliyeheshimiwa kwa mambo ya mvua. Cheo chake nacho kimefuata njia hiyo hiyo ya mama: mrithi hutazamwa miongoni mwa watoto wa dada.

Sasa tuje kwenye picha zilizozua maswali mengi, zile za mwali. Binti yule aliyebebwa mabegani, amefungwa khanga mpya, anatunzwa noti huku shangazi na mama wadogo wakicheza mbele yake, alikuwa anatolewa baada ya kufundwa. Zamani msichana akivunja ungo aliwekwa ndani, asionekane na wanaume, na kukaa huko kulikuwa kwa miezi, kwa wengine miaka, mpaka mchumba apatikane. Bibi zetu walitoka wamenawiri, ngozi imepoa kwa kukosa jua. Hayo hayawezekani tena, na mimi sioni cha kulilia. Mtoto anatakiwa darasani, na tangu sheria ya elimu iliporekebishwa mwaka 2016, kumuoa mwanafunzi ni kosa lenye kifungo cha miaka 30. Kwa hiyo mafunzo yamebanwa ndani ya likizo ya Juni au ya Desemba, wiki moja au pungufu, na kungwi analalamika kwamba anafundisha kwa mbio. Ngoma ya usiku imebaki. Asubuhi yake kunakuja MC, spika na singeli. Yanayosemwa ndani siyaandiki hapa, na walionitumia ujumbe wa faragha kuyauliza wakawaulize mama zao.

Mmoja wenu alituma picha aliyoipiga kwenye jumba la makumbusho Ulaya: kigogo kidogo cha mti, hakina mikono wala miguu, kina kichwa chenye mashungi mawili ya nywele, matiti madogo na kitovu. Akauliza kama ni sanamu ya mizimu. Hapana. Ni mwana hiti, na ni wa mwali. Msichana aliyewekwa ndani alipewa kigogo hicho akilee kama mtoto: akioshe, akipake mafuta, akitengeneze nywele, alale nacho. Alikuwa anajifunza uzazi, na ukoo ulikuwa unamwombea uzazi, kwa sababu ukoo wa mama bila mabinti wanaozaa umekwisha. Asiyekuwa na cha mti alipewa kibuyu chenye shanga au hata gunzi la hindi. Umbo hilo hilo mafundi walilichonga juu ya fimbo za wakubwa, kwenye vigoda, kwenye zeze na kwenye nguzo za makaburi, kuanzia pwani kwa Wazaramo hadi milimani kwetu. Mwaka 1990 Mbelgiji mmoja mjuzi wa sanaa za Afrika, Marc Felix, alitoa kitabu kizima juu ya vinyago hivi, na tangu hapo bei zake minadani zimewavutia watu wengi. Kijijini kwetu kuona cha zamani ni bahati. Vingi viliondoka mikononi mwa wamisionari, maofisa wa kikoloni na wanunuzi, vingine vililiwa na mchwa. Binti wa safari hii hakuwa nacho. Alikuwa na simu.

Mkeka, kwa upande mwingine, bado unatengenezwa, na ule wa mtoto wa binamu yangu ulistahili picha zaidi ya moja. Watu huona maua na rangi, hawaoni kazi. Ukindu hukatwa bondeni ungali mchanga, huanikwa juani mpaka ugeuke mweupe, kisha huchanwa nyembamba. Zile za rangi huchemshwa kwenye sufuria ambayo haipikiwi tena chakula. Halafu mama mdogo anakaa kibarazani anasuka ukili, kipande chembamba kirefu kinachozungushwa kama mkanda, siku kwa siku, huku akiongea, akichambua mboga, akigombana na kuku. Ukili ukifika urefu wa kutosha ndipo unashonwa, mstari juu ya mstari, na hapo ndipo mkono wa fundi hujulikana: mshono mbaya huvuta, na mkeka haulali chini. Wa dukani wa plastiki unauzwa bei ndogo na hauogopi maji, ndiyo maana umejaa kila nyumba. Lakini wa mtoto mchanga unatoka kwa mama wadogo na bibi wa upande wa mama. Shangazi wa upande wa baba alileta beseni na vitenge, vizuri tu, na hakuna aliyenuna.

Safari yenyewe imebadilika kuliko sherehe. Kwa miaka mingi kwenda Moro kulimaanisha basi, foleni ya Kibaha, korosho za dirishani na kushuka Msamvu umechoka. Tangu tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ya SGR inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na safari haifiki saa mbili. Wajerumani walifikisha reli yao Morogoro mwaka 1907, na kwa zaidi ya karne moja hakuna kilichofupisha njia hiyo kiasi hiki. Matokeo yake ndugu wa Dar sasa wanakuja Jumamosi na kuondoka Jumapili, jambo ambalo wazee hawalifurahii hata kidogo. Mgeni wa siku moja anakula tu.

Ila treni inakufikisha mjini, kwenye ule mji kasoro bahari. Nyumbani ni mlimani. Wa Mgeta wanashika barabara ya Iringa mpaka Sangasanga, kisha wanapanda kushoto kwenye kona zinazotisha, huku malori ya kabichi na njegere yakishuka. Wa Kinole na Matombo wanapitia Bigwa. Upande huo wa mashariki unapokea upepo wa bahari na mvua yake karibu mwaka mzima, ndiyo maana kuna mito inayolisha Ruvu na bomba za Dar es Salaam, na ndiyo maana Desemba bodaboda wako atakuambia ushuke utembee. Mwenye viatu vyeupe asije.

Nimeacha kiwanja mwishoni kwa sababu ndicho kinachotuhusu zaidi sisi tunaotuma fedha. Binamu yangu, kijana wa kiume, amechangiwa na ndugu wa Uingereza ajenge kwenye shamba la migomba ambalo baba yake amelilima maisha yake yote. Tofali zimeshaletwa. Kumbe shamba ni la ukoo wa baba yake, maana yake la bibi yake, na binamu si mtu wa ukoo huo. Kwa desturi, mtoto huruhusiwa kulima kwa baba. Baba akifariki, ardhi hurudi kwa wenyewe, kwa watoto wa dada wa baba. Kulima mahindi hakuna ubaya. Nyumba ya tofali na bati ni jambo jingine, na hata kupanda mgomba mpya kunaweza kuleta kesi.

Msione wazee ni wachoyo. Ardhi ya Uluguru haina pa kuongezeka: chini watu wamebanana, juu ni msitu, ambao tangu 2008 ni hifadhi ya mazingira asilia. Na ugomvi wa udongo kwetu una historia. Miaka ya hamsini serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko, kazi ngumu ambayo mzigo wake mkubwa uliwaangukia wanawake. Mwaka 1955 watu wa Matombo waligoma wakaandamana, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ule ukafa naye. TANU ikapata wanachama wengi milimani.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Kwetu mila ilikuwa imempa. Hofu yangu ni hati za kimila zinapoandikwa jina la baba mwenye nyumba peke yake: kwa kalamu moja shamba linahama kutoka kwa dada zake kwenda kwa wanawe, na hakuna aliyeitwa kikaoni.

Tofali za binamu zimefunikwa turubai kando ya njia. Mjomba wa upande ule ameomba kikao, na binamu ameambiwa aje na mjomba wake mwenyewe wa kumsemea, yaani kaka wa mama yake, ambaye yuko Ifakara na amesema hatapatikana kabla ya mpunga kuvunwa. Waliochanga waliuliza kama wanaweza kuhudhuria kwa video. Jibu lililotoka mlimani ni kwamba wanaweza kusikiliza.