Tone la Damu na Hukumu ya Ndigana

Baina ya mwaka 1897 na 1898, Robert Koch, tabibu mashuhuri wa Kijerumani, alipoinamia hadubini yake mjini Dar es Salaam akaona vijidudu vidogo mno ndani ya chembe nyekundu za damu ya ng'ombe, alidhani ni hatua mojawapo ya makuzi ya kimelea cha homa ya Texas. Wala haikubainika ila baada ya miaka michache, huko kusini mwa Afrika, kuwa ni kimelea mbali kabisa, kiletacho maradhi ambayo wafugaji wetu huyaita ndigana kali.

Dhana ya namna ile, ya kuamini haraka kinachoonekana damuni, ingali ikiwanasa watu. Kimelea hiki, Theileria parva, kikishatiwa mwilini na kupe, hukaa kwanza katika chembe nyeupe, hasa kwenye tezi, ndipo kihamie chembe nyekundu; na ng'ombe aliyesalimika aweza kukichukua damuni muda mrefu naye ni mzima. Basi tone la damu ya sikioni laweza kuonyesha kuwa ng'ombe anacho, halithibitishi kuwa ndicho kinachomuua.

Kwa sababu hiyo bwana mifugo hodari hupapasa chini ya sikio na mbele ya bega, akaishika tezi iliyovimba, akaichoma sindano, akayapaka majimaji yake juu ya kioo, akayatia rangi ya Giemsa. Na zikionekana chembe nyeupe zenye madoa ya samawati yaliyojaa nukta za zambarau, na mnyama ana homa, shaka hupungua sana.

Ziko pia njia za maabara. ELISA hutafuta kingamwili, nazo ni shahidi wa yaliyopita: ndama huweza kufa kabla hazijatimia, na aliyepewa chanjo ya ndigana, ile ya Muguga, huzionyesha pasipo ugonjwa. Yafaa kwa kuchunguza wilaya nzima. PCR, inayozidisha vinasaba mpaka kimelea haba kidhihirike, ndiyo yenye jicho kali kupita zote, na wako wanaoisifu kwa hilo peke yake. Ila ukali huo humfichua mchukuzi mzima sawa na mgonjwa mahututi, na majibu yake, kwa mfugaji aliye mbali na maabara, huenda yakafika ngozi imekwisha kuanikwa. Nayo dawa ya ndigana, buparvakwoni, hufaa ikiwahi; kwa hiyo tezi ndiyo ya kutegemewa kwanza. Tezi isipoonyesha kitu siku ya kwanza, na homa haijashuka, ichomwe sindano tena kesho yake.